Sura ya 6: Antivairasi ya Kompyuta ya Nyumbani

Laptopu nyingi zinazoingia majumbani mwetu hazitoki kwenye boksi jipya. Zimetumika ofisini Uingereza au Dubai miaka minne, mitano, zikaletwa kwa kontena, zikasafishwa na kupangwa kwenye vioo vya maduka ya Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi. Mnunuzi anachagua mashine, fundi anamwekea Windows, anamwekea Office, anamwekea programu ya kuangalia filamu, na kabla mfuko haujafungwa anauliza: "Nikuwekee na antivairasi, mzee?" Mnunuzi anakubali, maana nani atakataa kinga? Fundi anachomeka flashi yake, anasakinisha alichonacho, biashara imekwisha.

Swali la antivairasi linaanzia hapo dukani, na mara nyingi limeshajibiwa vibaya kabla mnunuzi hajapanda daladala. Windows 10 na Windows 11 zina antivairasi yao ndani, Microsoft Defender, ambayo hainunuliwi. Lakini Windows isiyolipiwa huamshwa kwa programu ndogo za kukwepa leseni, na Defender huzitambua programu hizo kuwa hatari na kuzifuta. Ili zifanye kazi, fundi huizima Defender kwanza, au huiamuru isikague folda zilimowekwa. Akimaliza, anaendelea na mteja mwingine, na hakuna anayekumbuka kuirudisha. Mteja anaondoka na ngao imechorwa pembeni ya skrini, akiamini amelindwa.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha majina na bei, ikague kwanza mashine uliyonayo. Andika neno Security kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, fungua Windows Security, uingie sehemu ya virusi. Hakikisha ulinzi wa papo kwa papo umewashwa. Hakikisha pia Tamper Protection imewashwa, ambayo kazi yake ni kuzuia programu nyingine zisiizime Defender kimyakimya. Kisha shuka hadi Exclusions, orodha ya folda ambazo antivairasi imeambiwa isiziguse. Kwa mtumiaji wa kawaida orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta humo diski nzima ya C, Defender yako haioni chochote, na ile alama ya kijani inayosema mambo ni salama haina maana.

Virusi vya kompyuta siku zote vimesafiri kwa njia ileile ambayo watu wanapelekeana faili. Brain, kirusi cha mwanzo kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM PC, kiliandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, ambao waliacha ndani yake majina yao, anwani ya biashara yao na namba za simu. Kilisambaa kwa disketi, kwa kuwa ndizo watu walizokuwa wakiazimana. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilitoka Ufilipino na kuzunguka dunia kwa barua pepe iliyojifanya ya mapenzi, wakati ofisi zilikuwa zimeshahamia kwenye barua pepe. Conficker kilichoanza Novemba 2008 kilipita kwenye mitandao ya ofisi, na pale ambapo hapakuwa na mtandao kilipita kwenye flashi.

Ndiyo maana mtu akiniomba jina la antivairasi, mimi namwuliza faili zinaingiaje nyumbani kwake. Familia yenye waifai isiyokatika, ambayo watoto wanasoma mtandaoni na wazazi wanashinda kwenye barua pepe, hatari yake kubwa iko kwenye kivinjari: viambatisho, kurasa za uongo, programu za kupakua. Familia ambayo kompyuta yake huunganishwa kwa hotspoti ya simu mara mojamoja, na faili zake zinatoka ofisini, steshenari na kwa jirani, hatari yake iko kwenye flashi. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa kwa ajili ya familia ya kwanza. Ya pili, ambayo kwetu ndiyo ya wengi, inaachwa ijitafutie.

Steshenari zilizo karibu na vyuo zinaijua hatari ya flashi vizuri sana. Mwanafunzi anafika kuprinti barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Flashi inafunguka, na ndani kuna ikoni moja tu, yenye jina la flashi yenyewe na mshale mdogo kwenye kona.

"Kaka, kazi zangu zote zimefutika!"

"Hazijafutika, dada, zimefichwa. Umeshabonyeza hapo?"

"Nilibonyeza nyumbani, nikaziona. Nikichomoa nikichomeka, nakuta hivihivi."

"Basi na kompyuta ya nyumbani imeshapata."

Kijana wa steshenari yuko sahihi. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia flashi isijiendeshe yenyewe inapochomekwa, na kuanzia hapo watengenezaji wa virusi walihitaji mtu abonyeze. Kirusi cha shotikati, yaani cha ikoni ile yenye mshale, kilizaliwa kwa ajili hiyo. Kirusi hukusanya faili zako zote na kuzitia katika folda iliyofichwa, ambayo mara nyingine haina hata jina linaloonekana, kisha kinaacha ile ikoni moja ya mshale. Ukiibonyeza inafanya mambo mawili kwa mpigo: inakufungulia folda iliyofichwa, uone kazi zako na usishtuke, na papo hapo inaendesha skripti inayojinakili ndani ya kompyuta. Kila flashi itakayochomekwa hapo baadaye itaondoka na shotikati yake.

Kuithibitisha si kazi. Bonyeza ikoni hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua Properties, usome mstari wa Target. Shotikati ya kweli inaonyesha njia ya folda au programu unayoijua. Hii itaonyesha amri inayoita cmd au wscript, ikifuatiwa na jina la faili usilolijua. Kazi zenyewe hurudi kwa kuiambia Windows ionyeshe faili zilizofichwa, pamoja na zile inazoziita za mfumo, kisha kuzihamishia mahali pengine. Kinachosumbua ni kompyuta. Ukiisafisha flashi na kuirudisha kwenye mashine ileile, inachafuka dakika hiyohiyo, na ndiyo sababu watu huapa kwamba kirusi hicho hakitoki.

Je, Defender inakiona? Mara nyingi ndiyo. Ila hapo pana sharti ambalo sioni likitajwa vya kutosha, na kwetu lina uzito kuliko mengine yote.

Antivairasi za zamani zilitembea na orodha. Kila kirusi kilichojulikana kilikuwa na alama yake, na programu ililinganisha kila faili na alama hizo. Orodha peke yake haitoshi tena. Maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, husajili zaidi ya programu 450,000 mpya za hatari kila siku, na hakuna orodha ya kwenye laptopu inayoweza kwenda na mwendo huo. Kwa hiyo antivairasi ya leo huangalia pia mwenendo wa programu, kwa mfano ile iliyofunguliwa sasa hivi na tayari inabadilisha mamia ya nyaraka. Na ikikutana na faili ngeni kabisa, huuliza kompyuta za kampuni yake kwenye intaneti kama imewahi kuonekana popote. Jibu hurudi kwa sekunde chache.

Defender inaitegemea sana intaneti hiyo. AV-Comparatives, maabara ya Innsbruck, Austria, hupima utambuzi kwa hali mbili: mtandao ukiwepo, na mtandao ukiwa umekatwa. Ukiwepo, Defender inasimama bega kwa bega na programu za kulipia. Ukikatwa, inashuka waziwazi, wakati Bitdefender ya Romania, kwa mfano, hushuka kidogo tu. Mtu wa Vienna anaweza kuupuuza mstari huo wa jedwali, maana laptopu yake haikosi mtandao. Mwalimu wa sekondari anayewasha laptopu usiku bila bando, akachomeka flashi zenye kazi za wanafunzi arobaini, yeye ndiye anayeelezwa na mstari huo.

Msimamo wangu basi ni huu. Kama kompyuta yako ina intaneti karibu muda wote, na Defender imewashwa kama nilivyoeleza, baki nayo. Kwa miaka sasa imekuwa ikipata alama za juu kabisa AV-TEST, ambako kila programu hupimwa kwa ulinzi, wepesi na usumbufu, kila kimoja kikiwa na alama 6, jumla 18. Pesa ambayo ungelipa kwa mwaka iweke kando. Nitakuambia pa kuipeleka. Kama kompyuta yako inaishi bila intaneti na kulishwa kwa flashi, weka antivairasi inayobeba ujuzi wake ndani. Bitdefender ina toleo la bure. ESET ya Slovakia hulipiwa, nayo ina sifa ya kutoilemea mashine, jambo kubwa kwa laptopu yenye RAM ya GB 4. Usiweke mbili kwa pamoja. Zitakaguana zenyewe kwa zenyewe, zitagombania kila faili, na mashine itakuwa nzito hadi utazizima zote. Ukisakinisha nyingine, Defender hujipisha yenyewe. Ukiiondoa hiyo nyingine, fungua tena Windows Security uhakikishe Defender imerudi kazini.

Yoyote utakayochagua inahitaji masasisho, na masasisho yanakula bando. Wengi wetu, ili kuokoa MB, tumeiambia Windows kwamba hotspoti ya simu ni muunganisho wenye kikomo. Ni busara, lakini Windows ikishaambiwa hivyo huahirisha mengi, na antivairasi inaweza kuzeeka bila mwenyewe kujua. Tarehe ya sasisho la mwisho imeandikwa ndani ya Windows Security. Iangalie kila wiki. Ikiwa imepitwa, bonyeza mwenyewe kitufe cha kutafuta masasisho ukiwa na bando la usiku. Microsoft pia huweka kwenye tovuti yake faili kamili ya masasisho ya Defender, inazidi MB 100, ambayo unaweza kuipakua ofisini au kwenye intaneti kafe ukaja nayo nyumbani. Usiitafute kwenye tovuti nyingine.

Ukitaka kujua kama antivairasi iko macho, kipimo chake ni kidogo sana. Taasisi ya EICAR, pamoja na watafiti wa virusi, walitengeneza mstari wa herufi 68 ambao haudhuru chochote, na kampuni zote kubwa zimekubaliana kwamba programu zao zitaukamata kana kwamba ni kirusi. Unapatikana kwenye tovuti ya EICAR. Unakili kwenye Notepad, uhifadhi faili. Antivairasi iliyo hai itaikamata mara moja. Ikinyamaza, una kazi ya kufanya kabla hujalala.

Sasa tuzungumzie uaminifu, maana naona tunauchukulia kwa wepesi mno. Programu ya kuzuia virusi husoma kila faili, huona kila tovuti unayofungua, na ina mamlaka ya kufuta kitu chochote, hata sehemu za Windows yenyewe. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho moja la McAfee lilidhani faili halali ya Windows XP, svchost.exe, ni kirusi. Kompyuta nyingi zilianza kujizima na kujiwasha bila kukoma, na hapakuwa na mhalifu yeyote. Ilikuwa antivairasi yenyewe. Programu yenye nguvu kiasi hicho inastahili kuulizwa ni ya nani na inaishi kwa pesa gani.

Avast ilijengwa Prague na ikapendwa dunia nzima, Afrika Mashariki tukiwemo, kwa sababu ilikuwa nzuri na ya bure. Januari 2020 waandishi wa Motherboard na PCMag walionyesha kwamba kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa ikiuza kumbukumbu za tovuti ambazo watumiaji wa Avast walizitembelea. Wateja wa Jumpshot walikuwa makampuni yaliyotaka kujua watu wanatafuta nini, wananunua nini, wanatazama nini. Avast iliifunga Jumpshot mwezi huohuo. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuikataza kuuza taarifa za aina hiyo kwa ajili ya matangazo. Mtu aliweka programu ile ili asichunguzwe na wezi, na yeye akawa bidhaa. Jambo hilo linanikera hadi leo, kwa sababu walioathirika zaidi ni wale wasio na uwezo wa kulipia kinga.

Wapo walioichoka Avast wakahamia AVG. Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Mwaka 2022 Avast iliungana na wenye Norton, na kampuni iliyozaliwa, Gen, ndiyo inayomiliki Norton, Avast, AVG na Avira kwa pamoja. Kwenye rafu unaona majina manne, ila fedha zote zinaishia kwa mwenye mali mmoja. Sisemi kwamba Avast ya leo inauza taarifa zako. Ninasema usomaji wa mipangilio ya faragha siku ya kusakinisha, na kuondoa alama ya tiki pale unapoombwa kushirikisha taarifa na wengine, ni dakika tatu ambazo usizionee uvivu.

Kaspersky ni suala la namna nyingine. Katika vipimo vya maabara iko miongoni mwa zilizo bora, na kwenye maduka yetu ni jina kubwa. Machi 2022 idara ya usalama wa mitandao ya Ujerumani ilishauri watu wahamie programu nyingine. Juni 2024 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake, na kuanzia 29 Septemba mwaka huo kampuni haikuruhusiwa tena kuwapelekea wateja wa huko masasisho. Hoja yao ni kwamba kampuni iko Moscow na serikali ya Urusi inaweza kuilazimisha itumie mamlaka yake ndani ya kompyuta za watu. Kaspersky inakanusha, na tangu 2018 ilianza kuhamishia Uswisi uchakataji wa taarifa za wateja wa nchi nyingi. Mama anayetunza picha za familia na hesabu za kikoba, sioni sababu ya kumtisha aitupe leseni aliyokwisha kuilipia. Mwandishi wa habari, wakili au mtu mwenye nyaraka za serikali, ningemshauri achague nyingine, na hoja hiyohiyo aielekeze kwa kampuni ya nchi yoyote ambayo serikali yake ina sababu ya kumtazama.

Kuhusu bei nitasema machache. Laptopu mpya mara nyingi huja na antivairasi ya majaribio, na muda ukiisha huanza kukukumbusha kila siku kwa maneno ya kutisha. Huna deni nayo, iondoe. Ukilipa kwa kadi, bei ya mwaka wa kwanza huwa ndogo na ya mwaka wa pili hupanda, na kadi hukatwa yenyewe usipozima malipo ya kujirudia. Kadi za kukwangua zinazouzwa madukani hazina tatizo hilo. Angalia tu leseni ni ya vifaa vingapi, na kama namba imeshakwanguliwa usiichukue, hata ikiwa nusu bei. Na kurasa zile zinazopanga antivairasi kumi bora, nyingi hulipwa kamisheni kwa kila mteja wanayempeleka kwa muuzaji. Majedwali ya AV-TEST na AV-Comparatives yanasomwa bure, nenda huko.

Kuna hatari ambayo hakuna antivairasi inayoweza kuibeba peke yake, nayo ni Windows yenye matundu. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja kubwa. Tarehe 12 Mei mwaka huo WannaCry ilipita kwenye tundu hilohilo, bila mtu yeyote kubonyeza kitu, ikafunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza. Waliokuwa wamesasisha ndani ya miezi hiyo miwili tundu lao lilikuwa limeshazibwa.

Jambo hili linatuhusu sasa hivi. Msaada wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. HP EliteBook 840 G3, moja ya laptopu zilizojaa kwenye maduka yetu ya mitumba, ina prosesa ya kizazi cha sita. Ndugu yake 840 G5 kwa kawaida ina ya nane. Kwa macho zinafanana, bei inatofautiana kidogo, na muuzaji hatakwambia kwamba moja imefika mwisho wa njia. Uliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza rangi. Kama unayo tayari, Microsoft ina mpango wa nyongeza wa masasisho kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026. Unajiandikisha kwenye mipangilio ya Windows Update. Defender ya Windows 10 imeahidiwa orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028, na wengi watalisikia hilo na kustarehe. Wasistarehe. Orodha mpya ya virusi haizibi tundu la mfumo.

Ile pesa niliyokuambia uiweke kando, inunulie diski ya nje. Virusi vinavyoteka faili na kudai fidia vimeingia majumbani zaidi kwa mlango ambao tumeufungua wenyewe: programu zilizokrakiwa. Familia ya virusi iitwayo STOP, au Djvu, iliyosumbua watu wa nyumbani kuliko nyingine nyingi za aina yake, ilisambaa hasa kwa kujificha ndani ya kraki za Photoshop, za Office, za michezo, na ndani ya zilezile programu za kuamsha Windows. Maelekezo yanayokuja nazo huanza kwa sentensi moja: zima antivairasi kwanza. Mtu anaizima kwa mkono wake. Asubuhi picha za harusi, tasnifu ya mwaka wa tatu na hesabu za duka zote zimeongezewa mkia wa herufi nne ngeni na hazifunguki, na kuna faili ya maandishi inayotaja kiasi cha dola. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo, na ni vyema kuutazama kabla ya kukata tamaa. Kwa vingi, funguo hazipo.

Diski ya nje ya TB 1 inatosha nyumba nyingi. Ichomeke mara moja kwa wiki, nakili nyaraka na picha, kisha ichomoe na uiweke kabatini. Kuichomoa ni lazima, kwa kuwa kirusi kinachoteka faili hakichagui kati ya diski ya ndani na iliyochomekwa. Ndani ya Windows Security pia kuna ulinzi wa folda dhidi ya virusi hivyo, unaitwa Controlled folder access. Hauji ukiwa umewashwa. Uwashe, na uvumilie siku za mwanzo ambapo utazuia hata programu zako halali hadi uziruhusu mojamoja.

Kwa wale ambao hawawezi kulipia Office wala Photoshop, na ni wengi, kuliko kraki ninapendekeza LibreOffice na GIMP, za bure na halali. Siyo sawa kabisa na zile. Barua ya maombi ya kazi haitaijua tofauti.

Watoto wakiwa kwenye mtandao wa michezo na filamu, siku moja skrini itajaa onyo lenye king'ora: kompyuta ina virusi vitano, piga namba hii sasa. Huo ni ukurasa wa tovuti tu, hauwezi kuona ndani ya diski. Funga kivinjari kwa Alt na F4; kikigoma, zima mashine. Kuna wanaovuna pesa nyingi kwa vitisho hivyo: mwaka 2024 kampuni mbili, Restoro na Reimage, zilikubali kulipa dola milioni 26 baada ya mamlaka ya Marekani kuzituhumu kwa kuwauzia watu ukarabati kupitia maonyo ya uongo. Waambie watoto mapema kwamba onyo la namna hiyo likitokea hawajafanya kosa, wamwite mtu mzima. Mtoto anayeogopa kugombezwa ndiye anayebonyeza "safisha sasa" ili mambo yaishe.

Na kompyuta inayotumiwa na nyumba nzima isiwe na akaunti moja yenye madaraka yote. Fungua akaunti ya kawaida kwa kila mtoto, isiyo ya msimamizi, na yako ya usimamizi uiwekee nenosiri wasilolijua. Wataandika, watasoma, watacheza kama kawaida. Programu itakayotaka kuingia kwenye mfumo mzima, iwe mchezo au kraki iliyoletwa na rafiki kwa flashi, italazimika kuomba nenosiri lako, nawe utapata nafasi ya kuuliza imetoka wapi.